Kioo Kilipokuwa Hewani

Mlimani, Chile

Mke wangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Naona haya kukuuliza hali ilhali naijua. Homa imeshuka? Unakula? Najua Hooyo hatoki hapo kwetu Galbet. Mkwe wako huyo akikulazimisha maziwa ya ngamia, kunywa, hata kidogo.

Kaka yako Bakari atakuwa amekwambia alinitafuta mchana kutwa. Nataka ujue nilikuwa wapi. Kioo cha darubini yetu ni vipande vingi vilivyopangwa pamoja, kila kimoja kipana kuliko kitanda chetu. Siku ile tulikuwa tunarudisha kimoja kilichotoka kusafishwa. Kinaning'inia kwenye winchi, nasi tuko chini tunakiongoza kwa mikono kikae sawa na vingine. Simu tunaziacha nje.

Bakari akapiga ofisini, akapokea Elena, msimamizi wetu. Akaambiwa mtoto wetu amekuja kabla ya wakati, na hakukaa. Akaja akasimama nyuma yangu, akanyamaza mpaka kioo kilipokaa. Ndipo akanitoa nje na kuniambia.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia palepale.

"Kioo kilikuwa hewani," akasema. "Mikono yako ingetetemeka, kingewaangukia."

Nikaenda kuchukua simu yangu. Nilipompata Bakari, walikuwa wameshatoka makaburini. Nikamwambia naja. Lakini barabara ya kushuka imefungwa na theluji, na hakuna ajuaye itafunguliwa lini.

Kesho yake nilikwenda kazini kwa sababu chumbani hapakukalika. Iliyobaki ni kuvilinganisha vipande: unakaa kwenye kompyuta, unainua hiki, unashusha kile, kwa kiasi kisichofika hata unene wa unywele, hadi vyote viwe kama kioo kimoja. Kazi hii naijua. Lakini mara mbili nilisukuma kipande kusiko. Elena akanishika bega, akaniambia nikapumzike. Sasa nimekaa dirishani, natazama theluji. Sina ninaloweza kukufanyia, Zuhura.

Nisalimie Hooyo, aliyemwosha mwanetu. Nisalimie mama yako, aliyekushika mkono hadi mwisho. Bakari, aliyembeba kwenda kuzikwa, mwambie simlaumu kwa kutoningoja.

Anasema hakuna aliyempiga picha. Ukipata nguvu, niambie binti yetu alifanana na nani.

Mumeo,
Abdirashid