Kopa Saba Mkononi

Mjukuu wangu Anjela,

Hapa Nsemulwa hatujambo, mama yako anavuna karanga. Umeuliza kuhusu briji, ule mchezo wa karata wa wawili wawili: ukiwa na kopa saba na shupaza tano, zote kali, utangaze dau gani? Anza na kopa moja, umsikie mwenzako.

Mimi kule Mwese, nikiwa na karata kama hizo, nilirukia dau la juu, kopa nne. Mwenzangu, marehemu bibi yako, kabla hatujaoana, alikuwa na shupaza nzuri akakosa nafasi ya kuzitaja. Tukashindwa, na adhabu ilikuwa kupukuchua mahindi ya washindi.

“Kaka, umenifunga mdomo,” alilalamika.

“Basi ongea sasa, dada.”

Akaongea magunia mawili mazima, nami nikisikiliza kwa raha. Mwishoni nikamuuliza kama atakubali nimpeleke kwetu.

“Kumbe unajua kuuliza,” akasema, akacheka, akakubali.

Babu yako