Futari kwa Mama Zuhura

Jumanne, Ramadhani

Nimekula mchana tena leo, mlango nimeufunga kwa ndani kama mwizi. Shehe alishanieleza kwamba mgonjwa wa sukari kama mimi halazimiki kufunga, nilishe maskini badala yake. Najua ni ruhusa ya Mungu. Ila Ramadhani bila saumu, na mume wangu hayupo tena…

Jioni nikampelekea futari Mama Zuhura, mjane wa Burundi anayefulia watu nguo hapa mtaani kwetu Busanza. Akanisogezea kiti.

"Mimi sifungi," nikamwambia. Mbali na shehe, sikuwahi kumwambia mtu.

"Sijakuuliza, dada. Nafasi iko. Kaa."

Nikakaa, tukala. Nilipoaga ndipo nikatambua kwamba sikuwa nimekula na mtu tangu mazishi.