Mtaalamu wa Makufuli

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Macho yako vipi na huo moto wa kuchomelea vyuma? Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri. Dada yako angekusalimu kama angejua nakuandikia.

Nimenunua baiskeli. Usicheke! Nguo za wateja zimeongezeka, na nimechoka kutembea mitaa yote na furushi kichwani, nguo zimeshapigwa pasi na jasho langu linazidondokea. Sasa nafunga furushi kwenye keria na naenda zangu.

Taabu ni kwenye majengo ya ghorofa. Naiacha chini, napanda, mwili uko kwa mteja, roho iko kwa baiskeli. Dukani kila kufuli muuzaji anaapa ni chuma tupu, na lile kubwa la ghali siliwezi. Nikajiuliza, nani ninayemjua anaweza kuniambia kufuli lipi ni la kweli na lipi ni pambo? Nikacheka peke yangu mpaka nikaunguza kola ya mtu. Miaka minane umeukimbia mtaa huu kwa sababu ya baiskeli za watu. Basi leo ujuzi huo umsaidie mama yako. Niambie, kufuli lipi la bei nafuu lingekushinda wewe?

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, macho yamepoa tangu tajiri alipotununulia miwani mipya. Pole na magoti.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Miaka minane hujalitaja jambo lile hata mara moja, na leo umelitaja kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Haya. Usinunue ule waya uliovikwa plastiki, hata wakikupa wenye rangi nzuri. Nilikuwa naukata kwa koleo kabla mwenyewe hajamaliza kupiga chafya. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, wakukatie mnyororo mnene, mfupi, kama urefu wa mkono wako. Kisha kufuli la kawaida, ila upindo wake, ule mkono wa chuma unaochomoka, uwe mnene vile vile. Watu wananunua mnyororo wa kumfunga fahali, halafu wanautia kakufuli ka sanduku. Pitisha kwenye fremu, gurudumu la nyuma na nguzo iliyochimbiwa, ukaze pasibaki nafasi ya kuingiza nondo. Kufuli lisiguse chini, maana sakafu humsaidia mwenye nyundo. Na mnyororo uvike mpira wa ndani wa tairi bovu, usikwaruze rangi.

Usifunge gurudumu la mbele peke yake. Niliwahi kumwachia mtu gurudumu na kufuli lake, ufunguo anao mfukoni.

Naona haya kuandika mambo haya, lakini nimefurahi kwamba umeniuliza mimi. Natamani ningekuja kukufungia mwenyewe.

Mwanao

10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Magoti nafuu, asante kwa pole.

Kufuli halijaguswa. Wameiba kiti! Nimeshuka nimeikuta imesimama pale pale, imefungwa barabara, haina pa kukalia. Nimeendesha nimesimama mpaka nyumbani, watoto wananishangilia njia nzima. Mtaalamu mzima, hukujua kama kuna wezi wa viti? Nimenunua kingine, kimekazwa kwa nati.

Majirani waliuona mnyororo wangu wakauliza nani kanifundisha. Nikawasomea barua yako, nikiruka penye aibu. Sasa mtaa mzima tunafunga gurudumu la nyuma. Hata fundi cherehani alikuja kusikiliza, yule ambaye baiskeli yake ilikuwa ya mwisho kupotea kabla hujatoroka. Akauliza, "Nani kaandika haya?" Nikasema, "Mwanangu." Sikuweza kumdanganya. Akauliza neno moja tu: "Kufuli langu alilivunja vipi?"

Nikamwambia nitakuuliza. Jibu upesi. Na useme utakuja lini, maana nimechoka kukupenda kwa kalamu.

Mama yako

2 Juni

Mwanangu,

U mzima? Karibu miezi miwili kimya. Kama unaumwa, sema. Kama ni swali la fundi, basi lifute, usilijibu, lakini usininyime barua. Jana nimepakua sahani yako bila kufikiri, wewe ambaye hujala kwangu miaka minane. Dada yako kaiona. Akaifunika.

Mama yako

20 Juni

Mama,

Shikamoo. Siumwi. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana.

Mwambie fundi sikuvunja kitu. Baiskeli yake haikuwa na kufuli. Aliiegemeza ukutani kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa pale, akaniambia, "Niangalizie, narudi sasa hivi." Nikaipanda nikaondoka nayo. Makufuli yote niliyovunja hayajawahi kuninyima usingizi. Lile "niangalizie" ndilo lililonifukuza mtaani, wala si polisi.

Nataka kuja, Mama. Nataka mno. Kila geti ninalochomelea nalifikiria ni la kwetu. Lakini kufika kwako lazima nipite mlangoni kwake, na miguu inakataa.

Mwanao

7 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi huumwi, mengine nimeyalilia.

Nilimsomea fundi neno kwa neno, safari hii bila kuruka. Akasimamisha cherehani. Akasema, "Kumbe alinisikia." Lile swali la kufuli aliliuliza kukupima tu. Miaka yote hii, mwanangu, alikuwa akijiambia pengine hukumsikia. Pengine uliondoka, akaja mwingine akaichukua, na wewe ukasingiziwa ukakimbia bure. Watu walipokutukana yeye alikuwa akikutetea.

Siku tatu hakunisalimu. Nikajilaumu kwa kumsomea. Leo asubuhi kaja kusimama mlangoni, kakataa kukaa. Kasema, "Mwandikie mwanao. Mwambie hasira ninayo, tena nyingi, lakini simtumii kwa barua. Aje aipokee mwenyewe."

Mimi namjua jirani yangu. Asiyekutaka hakuiti. Njoo, baba. Akikusema, nitakuwa nimesimama kando yako.

Mama yako

15 Julai

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mwandiko huu uusamehe, naandika kwa haraka.

Tajiri kanipa ruhusa. Nitafika Jumamosi. Nitaanza kwa fundi, peke yangu, usije kusimama kando. Nikianza kwako sitapata nguvu ya kutoka tena. Ukiona nachelewa, ujue nipo pale, bado ananisema.

Usijibu barua hii. Haitanikuta.

Mwanao