Mama Mkwe, Ulimwambia Daktari Tumbo Liko Sawa

Mama mkwe wangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake, hapa Kisumu. Atieno wako amelazwa. Nimonia. Leo ni siku ya sita ya sindano za antibiotiki. Kifua kimefunguka, lakini tangu jana tumbo linamwendesha, na mimi siwezi kutulia.

Unakumbuka ulipolazwa na kile kidonda cha mguu? Atieno alikuwa ametoka kujifungua, kwa hiyo nilikuja mimi, siku kumi na mbili mfululizo, nikifunga karakana yangu ya kuchomelea mageti kule Obunga saa sita kamili. Nilisimama kando, uso nimeugeuzia dirisha, kama mkwe anavyotakiwa. Ukanicheka: "Baba Omondi, shingo itapinda. Kwani hilo dirisha ndilo lililokupa mke?"

Siku ya tisa daktari alikuuliza, "Mama, choo kinaendaje?" Nilikuwa hatua nne kutoka kitandani. Ukanitupia jicho, ukajibu, "Vizuri tu, daktari." Akaandika, akapita.

Ulipokwisha kufariki ndipo mama wa kitanda jirani aliponiambia: siku hiyo ulikuwa umeenda chooni mara kumi na moja, na ulikuwa ukimtuma binti yake akununulie vidonge vya kuzuia kuhara. Daktari akanieleza kwamba dawa za kidonda ziliua pia vijidudu vizuri vya tumboni, vibaya vikapata nafasi, utumbo ukavimba. Vile vidonge vikafungia sumu ndani. "Tungejua mapema," akasema. Mapema! Si aliuliza mimi nikiwa nimesimama pale? Hakujua kwamba mama hawezi kutaja mambo ya choo mbele ya mkwewe? Nimemlaumu miaka minne. Nimekulaumu wewe pia, nisamehe. Lakini miguu ya kutoka nje ilikuwa yangu.

Leo asubuhi baba yangu amekuja kutoka Pap Onditi kumwona Atieno. Alikuwa ameketi kando ya kitanda, kofia magotini, daktari alipoingia na kuuliza lile lile. Atieno akamtazama baba mkwe wake, akavuta shuka. "Niko sawa."

"Mzee," nikasema, "hebu tupishe kidogo."

"Unanifukuza kwa mgonjwa? Mbele ya watu?"

"Ndiyo, Baba. Nakufukuza."

Alipotoka nikamwambia daktari: mara tisa tangu jana saa kumi jioni, maji matupu, na homa imerudi. Atieno akafunika uso. Ile sindano imesimamishwa, sampuli imeenda maabara. Sista ameniambia ninawe kwa sabuni na maji, sanitaiza haitoshi. Majibu bado. Mzee amekaa mwisho wa benchi hili, amenipa mgongo.

Naogopa, Mama. Nimezoea chuma: kikizidi nakata, kikipungua naunga. Hapa sina cha kukata.

Sasa hivi Atieno ametoka chooni, ameshika ukuta. Amesimama mbele yetu wote wawili, akasema kwa sauti, Mzee akisikia: "Baba Omondi, hiyo ni ya kumi. Ina damu. Mwite sista."

Nimemwita, anakuja. Pumzika huko Awasi tulikokuzika, Mama. Wacha nimshike binti yako mkono.

Mkweo,
Baba Omondi