Zunguka Nyuma ya Winchi

Kiriba, 4 Machi 2024

Kwa mwanangu Enos,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila magoti ndiyo yananisumbuaga asubuhi. Sara na mtoto hawajambo? Ananyonya vizuri?

Usijisumbue kupiga simu, siipokei. Sauti yako bado imejaa masikioni. Nimetoka huku na muhogo wa mkeo kichwani, nafika mwaloni Kibara, boti zinakopandishwa, nikusalimie kazini, unanifokea mbele ya wauza dagaa: "We mama, mwehu nini? Toka!" Wakacheka. Mimi niliyekuzaa! Kisa nimeruka waya wa winchi yako. Mashine ya kuvuta boti nchi kavu imekupa kiburi hicho, je, ungepewa ndege? Ubatizo wa mtoto fanyeni wenyewe.

Mama yako, Dorotea

Kibara, 11 Machi

Shikamoo mama,

Pole na magoti. Mtoto ananenepa.

Mama, waya ule ulikuwa umekaza. Ukikatika unarudi kama mjeledi, unaondoka na mguu. Kila asubuhi nazima umeme, navaa glavu, naukagua wote kama kuna nyuzi zilizokatika, napaka grisi, najaribu breki kabla ya mzigo. Hata hivyo ukivuta, haurukwi. Mtu anazunguka nyuma ya winchi. Mambo ya mashine huyajui, tuachie. Ukirudia nitafoka tena.

Mwanao, Enos

Kiriba, 24 Machi

Enos,

Marahaba. Mjukuu wangu kikohozi hana? Mfunike.

Asante kwa somo, mwalimu. Matrida anayetuletea hizi barua anasema bosi wako Danford anaurukaga waya huohuo, umekaza, simu sikioni, na wewe unachekacheka, "sawa bosi, sawa bosi." Kumbe mguu wa Danford wa chuma? Au mdomo wako una nguvu kwa wamama tu? Nilidhani nimezaa dume. Mwanangu, silali. Akiumia huyo, watauliza nani alishika swichi.

Mama yako

Kibara, 9 Aprili

Shikamoo mama,

Tupo wazima. Jana Danford alikuja kuruka waya, nikazima winchi, boti likiwa nusu majini. Nikasema, "Bosi, zunguka." Akasema, "Hii winchi ya babako?" Nikasema siwashi mpaka azunguke. Hakuzunguka. Amenifukuza, anaendesha mwenyewe.

Ubatizo ni Jumapili.

Mwanao

Kiriba, 11 Aprili

Enos mwanangu,

Marahaba. Umekula lakini? Usiache kula kwa ajili ya mtu yule. Tumbo kubwa lile, kuzunguka mashine anaona atapungukiwa heshima! Mwache na kiburi chake. Shamba lipo, mje.

Kuzima ulizima sawasawa. Na mimi kunitoa pale ulinitoa sawa, nimekubali. Ila "mwehu" haikuwa kazi ya winchi. Jumapili nakuja kumshika mtoto. Wauza dagaa watakuwepo kanisani. Neno lile utaniomba radhi mbele yao, na kwa sauti ileile.

Mama yako