Akirudi Msimfungulie

Wanangu,

Maharage yako jikoni, yatieni chumvi. Msiingie sebuleni bila viatu, vioo bado vimetapakaa. Damu iliyo mlangoni ni yangu, dada yenu hajakatika popote.

Asubuhi dada yenu alimwomba baba yenu sahihi na nakala ya kitambulisho, aambatishe kwenye maombi ya mkopo wa serikali wa chuo. Mwisho ni leo. Baba yenu akafoka, "Msichana asome ili amtawale nani?" Akamkaba koo mpaka macho yakamtoka. Nilimsihi amwachie, hakusikia, nikamtandika ngumi za uso. Akanirusha kwenye dirisha. Niliinuka na pasi, nikampiga nayo begani, naye akatoka mbio akilia kama mtoto. Miaka yote nimemeza, leo nimetapika.

~~Akirudi mpeni chakula, ni baba yenu.~~ Akirudi msimfungulie. Tokeni mlango wa nyuma, mkimbilie kwa seremala.

Mimi na dada yenu tumekwenda polisi, kisha ofisi ya mikopo. Watu wa mikopo wamesema kwenye simu sahihi ya mzazi mmoja inatosha. Msiucheke mwandiko huu, mkono wa kulia umevimba. Hata hiyo sahihi nitaitia kwa wa kushoto.

Mama yenu