Gololi Kifuani mwa Twyla

Alhamisi, Oktoba 4, 1951

Del kaja na shuka la mpira nyumbani! Limelala juu ya meza yangu ya kulia, limevutwa kwenye fremu mpaka limekaza kama ngoma. Chini yake vipande vya mbao vinalisukuma juu hapa, vinaliacha lishuke pale — vilima na mabonde. Kule kiwandani paa linavujia chumba chao, na bunduki inatakiwa iwe tayari mwezi huu.

Bunduki! Mama Azevedo wa nyumba ya pili hachoki kunitania. Eti, "Verna, mumeo kaua wangapi leo?" Nimemweleza mara ngapi kwamba ni bunduki ya elektroni, kidude cha ukubwa wa kidole gumba, kinakaa ndani ya chupa iliyonyonywa hewa yote, kinatema elektroni zipite kwenye tundu, basi. Anacheka tu. "Bunduki ni bunduki, binti yangu."

Kazi yenyewe ni hii. Gololi ndogo ya chuma unaiachilia juu ya kilima, inateremka, na njia inayopita ndiyo njia ambayo elektroni itapita. Ninayeachilia ni mimi. Del anasema mkono wangu hautetemeki. Yeye anachora. Leo zote zinagonga ukingo wa tundu. Anajikuna kichwa, anashusha ubao mmoja, tunaanza upya. Twyla, mwanangu, kwenye kiti chake anapiga makofi kila zinapoteremka. Ana mwaka na nusu, anadhani mchezo huu umetengenezwa kwa ajili yake.

Nazipenda jioni hizi. Lakini gololi zinaruka, zinakimbilia sakafuni, na mimi naogopa. Kila moja naifukuza mpaka chini ya jiko.

Ijumaa, Oktoba 5

Nimevunja ncha ya kalamu mara mbili. Mwandiko wangu huu!

Asubuhi nilikuwa naanika nguo. Del alikuwa kazini. Nikasikia Twyla anakohoa jikoni — si kikohozi cha mafua, kikohozi cha kukabwa. Nilimkuta amekaa chini ya meza, uso wa buluu. Buluu! Mdomo wazi na sauti hakuna. Nilimgeuza kichwa chini nikampiga mgongoni, nikapiga tena, nikawa namwita jina lake kama vile yuko mbali. Ghafla akavuta pumzi. Akalia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Mkononi alikuwa na gololi nyingine. Moja.

Daktari wa hapa kamwangalia, kambonyeza tumbo, kasema imeshuka tumboni, ni mviringo, ni laini, itatoka yenyewe. Nitazame nepi. Kanipapasa bega, eti akina mama vijana huogopa sana.

Del alipofika nilimwonyesha ile gololi iliyobaki, nikamwambia nyingine iko wapi. Alikaa chini kwenye sakafu. Kisha akaling'oa shuka lote la mpira kutoka kwenye fremu, misumari ikaruka, akalitoa nje.

Jumamosi, Oktoba 6

Nepi — hakuna.

Mama Hester, mama yake Del, kaja na mahindi ya kuoka. Kasema nisijitie wazimu. "Huyu mumeo alimeza kifungo cha koti la baba yake, tena cha shaba, na leo ni fundi. Labda huyu atakuwa mhandisi." Nilicheka kidogo. Twyla naye kala vizuri, kacheza na mbwa wa jirani.

Mbona basi namsikiliza kila akipumua?

Jumapili, Oktoba 7

Hakuna kitu kwenye nepi. Na kuna mluzi.

Ukiweka sikio kifuani, upande wa kulia, unasikia mluzi mwembamba kama birika linaloanza kuchemka. Upande wa kushoto hakuna. Mama Hester kaweka sikio, kasema ni baridi ya asubuhi. Del kaweka sikio. Kaliacha pale muda mrefu. Nimeishi naye miaka minne, najua kimya chake cha kufikiri na kimya chake cha kuogopa. Hiki kilikuwa cha pili.

Nimemwambia, "Haikwenda tumboni." Kasema, "Najua."

Bwana Lindqvist, mkubwa wake wa kazi, anatupeleka San Francisco kesho kwa gari lake. Nimemwogesha Twyla, nimemvalisha gauni la manjano. Sijui kwa nini la manjano. Ili aonekane ni mtoto anayependwa, labda, wamwone haraka.

Jumatatu, Oktoba 8

Nimeiona. Kwenye picha ya eksirei — mbavu zake nyembamba kama miiba ya samaki, na katikati ya giza la pafu la kulia, duara jeupe. Jeupe kabisa. Limekamilika. Del huwa anasifu gololi hizi, kwamba hakuna kitu cha mviringo kuzishinda. Leo alitazama mara moja akageuza uso.

Daktari anaitwa Feld. Mzee, mkavu, lakini anapoongea na Twyla anapiga magoti. Walimlaza kwa nusukaputi, wakashusha bomba jembamba kooni, na koleo ndani ya bomba. Koleo inateleza! Kila ikibana, gololi inachomoka na kushuka zaidi kidogo. Akaacha. Kasema akiendelea ataizika.

Del kamuuliza, "Na sumaku?"

Daktari kasema anayo moja, ilishatoa pini kwa mtu mzima, lakini ni nene, haipiti kwenye koo la huyu. Na ukiichonga iwe nyembamba inakuwa dhaifu, inashika pini, haitashika gololi.

Del na Bwana Lindqvist wakatazamana. Niliona. Kule kazini kwao sumaku ndizo zinazoubana mwale wa elektroni usitawanyike, wanalala nazo wanaamka nazo. Bwana Lindqvist kasema, "Daktari, tupe kipimo cha koo lake." Daktari kasema, "Nawapa mpaka keshokutwa. Pafu chini ya gololi linaanza kujifunga."

Halafu akanigeukia mimi. Mtoto asilie. Akilia kwa nguvu, gololi inaweza kurushwa juu, ikakwama chini ya nyuzi za sauti, na hapo ni dakika tu. Hospitali hii mama huruhusiwa kukaa kwa saa moja tu mchana, basi. Lakini daktari kamwambia nesi mkuu: huyu abaki, huyu ndiye dawa.

Asilie! Mwaka na nusu, njaa, mahali pageni, sindano. Mungu wangu, nifanyeje asilie?

Jumanne, Oktoba 9

Hajalia. Nimemwimbia kila ninachojua, vikiisha natunga. Nimekuwa farasi. Nimekuwa kuku. Nesi aliye kama jeshi zima kapita akanikuta chini ya kitanda nawika, kasema, "Bibi, hata jogoo hupumzika." Kisha kaniletea chai.

Anasinzia kifuani kwangu nikiwa nimekaa. Naandika kwa mkono mmoja. Mluzi umebadilika, umekuwa mzito, na mara nyingine haupo kabisa — hapo ndipo natishika zaidi. Nazuia pumzi yangu mpaka nisikie yake. Mara moja midomo ilinuna, kidevu kikaanza kutikisika. Nikampa nywele zangu avute. Akavuta! Machozi yakanitoka mimi. Yeye akacheka.

Del kafika jioni, macho mekundu, vumbi la chuma kwenye kope. Kanisimulia haraka haraka. Sumaku ya kwanza — nyembamba kama penseli — haikushika. Ya pili wakaikereza ncha kama koni, nguvu yote ikakusanyika mwishoni. Hiyo ikashika! Lakini bomba la hospitali lina pete ya chuma, sumaku ikanasa pale pale na kung'ang'ania. Wakakereza bomba jipya la shaba. Shaba haivutwi.

Wakahitaji koo la kujaribia. Bwana Lindqvist, na tai yake shingoni, kaenda kwa muuza nyama kutaka koromeo la nguruwe mdogo. Muuza nyama kamuuliza, "La mchuzi au la kukaanga?" Kajibu, "La uhandisi." Del alicheka akisimulia, kisha kicheko kikageuka kilio. Nikamshika kichwa, kichwa chake upande huu, cha Twyla upande ule.

Kwenye koo la nguruwe imetoka mara nyingi. Nimemuuliza, kila mara?

Kasema, mara nyingi, Verna.

Jumatano, Oktoba 10

Asubuhi. Wamemchukua. Alikuwa mikononi mwa nesi, ananipungia vidole. Hakulia. Hata mlangoni hakulia! Mtoto hodari kuliko mimi.

Daktari Feld kaipima sumaku, kaisogeza karibu na mkasi wake, mkasi ukaruka kutoka kwenye trei. Kasema, "Haya, mabwana." Kwa mtu mkavu vile, nadhani hayo ni maneno mengi. Del na Bwana Lindqvist wako kwenye benchi la mbele yangu. Bwana Lindqvist anaviringisha kofia yake kama usukani.

Naamini itatoka. Naandika neno hili nilione kwa macho: itatoka.

— Bado.

— Bado. Kuna mtu anafagia. Ningempa chochote aache.

— Katoka Daktari Feld mwenyewe, barakoa imeteremshwa. Nilisimama, benchi likaanguka. Kasema anapumua. Alianza na hilo, Mungu ambariki, alianza na hilo. Kisha yaliyobaki. Sumaku imeshika! Mara ya kwanza tu, imeshika, gololi imepanda nayo kutoka pafuni, imepanda mpaka juu — na pale kwenye nyuzi za sauti, ambapo koo lake ni dogo kuliko yote, ikakwaruzwa, ikaachia. Ikaanguka tena ndani. Kwa muda hakupumua. Wakamrudisha.

Anaweza kujaribu tena njia ileile, na inaweza kuachia tena pale pale, na safari hii isishuke, ikwame. Au afungue shimo dogo shingoni, chini ya nyuzi za sauti, sumaku iingie na kutoka hapo, isipite kabisa pale pembamba. Lakini ni kumkata shingo mtoto wa mwaka na nusu, aliyekwisha kukaa kwenye nusukaputi muda mrefu, na kuna damu, na kuna homa baadaye.

Del kasema, "Usikate. Nipe saa moja. Nitakereza ncha iliyobonyea, gololi itakaa ndani kama yai kwenye kikombe, haitakwaruzwa." Alikuwa tayari anaichora kwenye kiganja chake. Bwana Lindqvist kasema taratibu, "Del." Hivyo tu.

Daktari kasema saa moja hana. Kasema baba anasema hivyo, na mama?

Wote wakanitazama. Wanaume watatu waliosoma, na mimi niliyeachia darasa la nane nikachume plamu. Nilitaka mtu mwingine awe mama yake kwa dakika moja. Nilimtazama Del, naye alikuwa ananitazama kama mtu aliye majini.

Nilimwuliza daktari, "Angekuwa wako?"

Kasema, "Ningekata. Na ningeogopa."

Nikasema, kata.

Del akasema, "Verna!" — si kwa hasira. Nikamshika mkono, ule aliochorea, nikaufunga vidole. Nikamwambia daktari tena, kwa sauti, kwamba nimesema kata, asije akadhani ni yeye aliyeamua. Akaitika kwa kichwa, akarudi ndani karibu mbio. Sijawahi kuona mzee akienda mbio.

Sasa mlango umefungwa. Del kasimama uso ukutani, paji la uso limegusa rangi. Nimekwenda kusimama karibu, mabega yetu yakagusana, hakusogea. Nimerudi kukaa.

Nesi wa jana, yule wa jogoo, katoka na beseni lililofunikwa, karudi na vitambaa vingi vyeupe. Kwenda alinitazama. Kurudi hakunitazama. Huenda alikuwa na haraka. Alikuwa na haraka.

Naandika ili mkono huu usiende kugonga mlango.